Shamba Lililoungua Chini kwa Chini

Bega la kushoto la Mkunga liko chini kuliko la kulia, na ukimtazama kwa nyuma akitembea utadhani amebeba ndoo ambayo wewe huioni. Lilivunjwa kwa mpini wa jembe alipokuwa na miaka tisa. Aliyelivunja ni baba yake mzazi, na kosa lenyewe lilikuwa kuinua mgongo kabla mstari haujaisha.

Baba yule alikuwa mkulima hodari, tusimnyime haki yake. Ila alilima kama mtu anayelipiza kisasi. Aliamka akiitukana ardhi, akaipiga mpaka jua la utosi, na ardhi ikigoma kupasuka aligeuka akampiga aliyekuwa karibu. Waliokuwa karibu siku zote walikuwa wawili: Mkunga, ambaye wakati huo hakuwa mkunga bado, na mdogo wake wa kiume, ambaye watu walikuja kumwita Nyundo kwa jinsi alivyotatua mambo yake yote. Walilima jicho moja likiwa kwenye udongo, la pili kwenye mkono wa baba. Aliyelia alipigwa. Aliyepaza sauti kumwonya mwenzake alipigwa mara mbili. Basi wakazoea: ukisikia kelele nyuma yako usigeuke, inamisha kichwa uongeze bidii, labda kipigo kitakupita.

Mzee alipokufa waligawana shamba kwa kamba, nusu kwa nusu, wakapanga mstari wa mawe katikati. Nyundo alichukua upande wa juu, pamoja na plau ya kukokotwa na maksai wawili. Mkunga alichukua upande wa chini, na katika zana za baba hakutaka hata kisu.

Miaka thelathini alifanya kazi ya kuzalisha watu kwenye zahanati. Huko alifundishwa na mkunga mmoja mkali aliyekuwa akiwachapa wanafunzi viganja kwa mkasi. Msichana akikimbilia kukandamiza tumbo, pa! Akitaka kuvuta kichwa cha mtoto, pa! "Kaa na mikono yako," alikuwa akiwaambia. "Mtoto anajua njia. Wewe kazi yako ni kutazama, na kujua ni lini hajui." Mkunga alichapwa mpaka akaelewa. Alipostaafu akiwa na miaka hamsini na minne, alikwenda kusimama katikati ya nusu yake ya shamba, akautazama ule udongo mgumu kama kigae, akasema: huu nao umevutwa sana.

Mwaka wa kwanza alichimba mara moja tu. Alipitisha mitaro sita kukata mteremko, kina cha kufika pajani, akajaza magogo yaliyooza, matawi na samadi kavu, akafukia. Juu ya shamba zima akalaza majani makavu, unene wa godoro. Baada ya hapo jembe halikuingia tena. Hakuchoma, hakuweka mbolea ya dukani, hakupiga dawa. Magugu hakuyang'oa, aliyakata shingoni na kuyalaza palepale. Akitaka kupanda alitoboa tundu kwa kijiti, akadondosha mbegu, akaondoka zake.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Mkunga, shamba lako linaumwa?" aliuliza fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye karakana yake iko ng'ambo ya barabara.

"Haliumwi. Lina mimba."

"Mimba ya mwaka wa tatu hii! Itakuwa ya tembo."

Mwaka wa nne fundi aliacha kucheka. Mwaka wa tano akaanza kuja na kikapu. Kufikia mwaka wa saba ungeweza kusukuma mkono kwenye ule udongo ukaingia hadi kiwiko, ukatoka na minyoo imejizungusha vidoleni. Mahindi ya Mkunga yalisimama kiangazi wakati ya Nyundo, upande wa pili wa mawe, yamejikunja kama karatasi. Lakini lilikuwa pori, hilo tusilikatae. Panya walizaa chini ya majani, nyoka wakawafuata panya. Mkunga alikuwa anawaita wapangaji.

Sasa siku moja ya Jumamosi mpangaji mmoja, kifutu, yule nyoka mfupi mnene asiyekimbia mtu, alikuwa amelala pembezoni mwa mawe. Maksai mmoja wa Nyundo akashusha pua kuchuma majani mabichi. Kabla ya saa tisa pua ilikuwa imevimba kama mtungi, na mnyama akafa akitafuta hewa, ulimi nje, miguu ikichimba vumbi.

Nyundo alimkata yule nyoka vipande kwa panga, kisha akaendelea kukata hata pasipokuwa na cha kukata. Akavikusanya kwenye ndoo, akaingia jikoni kwa dada yake bila hodi, akavimwaga juu ya meza, katikati ya unga uliokuwa unachekechwa.

"Mpangaji wako huyo. Ameniua."

Mkunga alimtazama miguu kwanza. "Amekung'ata wapi?"

"Angening'ata mimi ningepona! Amemng'ata maksai. Nitalima na nini? Nimfunge mke wangu nira?"

"Pole, mdogo wangu. Pole sana. Kaa."

"Sikai. Jumatatu nalichoma pori lako. Likishaungua nalilima, toka mawe mpaka barabarani. Shamba la baba haligeuki zizi la nyoka mimi nikiwa hai."

"Nusu hii ni yangu."

"Yako, nani kakataa? Nitakulimia bure. Halafu utapanda kama watu."

Hapo ndipo Mkunga alipopata baridi mwilini, kwa sababu aliona Nyundo hasemi uongo. Nyundo aliamini kweli kwamba anatoa msaada. "Nisikilize," akasema. "Udongo huu nimeungoja miaka saba. Plau ikipita mara moja, mara moja tu, imekwisha. Jua linaingia, minyoo inakufa, mvua inabeba kilichobaki. Nichukulie ndama wangu. Nichukulie mavuno. Usiuguse udongo."

Nyundo akamshika kifundo cha mkono, akakibana juu ya meza kwenye unga na damu ya nyoka, akaanza kukizungusha polepole, kama mtu anayefunga bomba. "Jumatatu," akasema.

Ndugu zangu, msije mkadhani huyu mama ni malaika. Mkono wake wa pili ulikuwa na kifuniko cha sufuria. Alimpiga nacho ukingoni mwa jicho, na ngozi ya nyusi ikafunguka kama mfuko. Nyundo alimwachia, akapangusa damu, akaitazama, akacheka.

"Damu ya mzee hii, dada. Hata wewe unayo."

Jumatatu saa sita mchana, upepo ukipanda mteremko kutoka barabarani, Nyundo alishuka mpaka kona ya chini akawasha kiberiti. Majani makavu ya miaka saba hayakusubiri kubembelezwa. Moto ulisimama wima, ukanguruma, ukaanza kupanda. Mbele yake viumbe vyote vilitoka mbio: panya, mijusi, chura, nungunungu mmoja akiburuta mtoto wake, nyoka wawili wakipita juu ya panya bila kuwatazama. Mwewe walijua kabla ya watu. Walikuwa tayari hewani, wakishuka na kuondoka na kitu kinachopiga teke.

Mkunga aliingia na matawi mabichi, akaupiga moto uso kwa uso. Nywele za mikono zilimwungua, kitambaa cha kichwa kikashika, akakitupa, akaendelea. Fundi alivuka barabara akisukuma pipa la maji kwenye mkokoteni. Nyundo alimkuta kwenye kona, akampiga bapa la panga sikioni. Fundi aliketi chini palepale, kwa adabu kabisa, kama mtu aliyekaribishwa kiti, na pipa likapinduka.

"Mambo ya ndugu hayo, fundi," Nyundo alimwambia. "Usiyaingilie."

Moto ulifika kwenye mawe ukafa wenyewe kwa kukosa chakula. Kilichobaki kilikuwa uwanja mweusi unaofuka moshi, na Mkunga katikati, mweusi vilevile, akiendelea kupiga chini ingawa hapakuwa na mwali tena. Mke wa Nyundo ndiye aliyekwenda kumshika mikono. "Basi, wifi," alimwambia. "Basi. Umekwisha."

Haukuwa umekwisha.

Jumanne asubuhi Mkunga alikuwa anatembea juu ya majivu kutazama kama kuna kilichopona, akasikia joto kwenye nyayo. Akapiga magoti, akaweka kiganja. Aliuzoea mwili wenye homa, na huu ulikuwa na homa. Alichoma kijiti chini, kikazama kirahisi mno, akakitoa ncha inafuka. Moto ulikuwa umeshuka kwenye mitaro. Magogo yale aliyoyazika mwenyewe, ambayo kiangazi kirefu kilikuwa kimeyakausha mpaka huko chini, yalikuwa yanaliwa na moto taratibu, bila mwali, na juu yake udongo umebaki kama ganda la mkate. Ukiutazama, ni shamba tu. Ukiukanyaga, ni tanuri.

Alibeba maji siku nzima. Kila ndoo ililia tsss, ikatoa mvuke, na moto ukasogea hatua mbili pembeni. Jioni alielewa: yangetosha maji ya mto mzima tu. Njia nyingine ilikuwa kuifukua mitaro yote, kuligeuza shamba lote kwa jembe, na hilo moyo wake ulikataa. Chini ya majivu, kati ya mtaro na mtaro, udongo ulikuwa bado mzima. Aliufukunyua kwa kidole akaona minyoo hai. Moto utamaliza magogo utakufa, alijiambia. Kaa na mikono yako.

Basi akachukua shuka kuukuu jekundu, akalichana vipande, akafunga kila kipande kwenye kijiti, akavipanga vijiti juu ya mitaro yote sita ili mtu asikanyage. Akamwita wifi yake kwenye mawe.

"Mwambie mumeo chini kuna moto. Asipite. Na watoto wasipite hata kwa mbio."

Wifi alifikisha maneno, neno kwa neno. Nyundo alikuwa anakula. "Ananitisha," akasema, akaongeza chumvi. Lakini Jumatano alipanda juu ya mawe kutazama, akaona mistari sita ya vijiti, imenyooka, kila kijiti na kitambaa chekundu kinachopepea. Na nyinyi mnajua wapima ardhi wanavyofanya. Wanapokuja kukata viwanja wanachomeka nini? Vijiti. Wanafunga nini? Vitambaa vyekundu.

Alirudi nyumbani macho yamemtoka. "Anauza! Moto gani? Amepimisha viwanja sita! Anauza shamba la baba kwa wageni, halafu anasema chini kuna moto ili nisisogee!"

"Mwenye vijiti ni yeye mwenyewe, nimemwona akivifunga," mkewe alimwambia.

"Na wewe amekuahidi kiwanja cha ngapi?" Akampiga kofi, akaenda kwa mkwe wake, baba wa mwanamke huyohuyo aliyempiga, kuazima maksai.

Alhamisi, jua likichomoza, aliingia shambani na maksai wawili, wake na wa kuazima, na plau. Alianza na vijiti. Aliving'oa kimoja kimoja, akavunja kila kimoja gotini, akatupa nyuma ya bega. Kisha akaanza kulima kwa kukata mteremko, akipita katikati ya mtaro na mtaro. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili. Udongo mweusi wa Mkunga uligeuka tumbo juu, laini, unang'aa, na Nyundo hata katika hasira yake alisimama akauchukua kidogo mkononi, akaunusa. Hakuwahi kulima kitu kama kile maishani mwake. Akautupa, akaendelea.

Mkunga alitoka ndani miguu mitupu. Alikimbia akipiga kelele kwa sauti yote ya miaka thelathini ya wodini. "Simama! Kuna moto! Mdogo wangu, simama! Chini kuna moto!"

Nyundo alisikia kelele nyuma yake. Hakugeuka. Aliinamisha kichwa, akawachapa maksai waongeze mwendo.

Mwisho wa mstari wa nne aliwageuza ng'ombe kukata kona, na kona ilipita juu ya mtaro wa juu. Maksai wa kuazima alitia mguu wa mbele, ardhi ikafunguka kama mdomo. Alizama mpaka kifuani. Mfupa wa mguu ulisikika mpaka barabarani, na mlio uliotoka kwa yule mnyama haukuwa wa ng'ombe, haukuwa wa chochote. Mwenzake alivuta upande wa pili, nira ikapinda, plau ikaruka, mkono wake wa chuma ukampiga Nyundo taya. Alianguka nyuma, na mguu wa kushoto ukatoboa ganda, ukazama hadi gotini kwenye makaa.

Alikuwa amevaa buti za mpira.

Mkunga alimfikia kabla hajamaliza mlio wa kwanza. Alimshika kwapani akavuta. Miaka thelathini hakuwahi kuvuta mtu, akavuta sasa, bega lake bovu likatoka mahali pake, akavuta nalo likiwa limetoka. Mguu ulikuja, lakini buti lilikuwa limeyeyuka na kushika nyama, likiwaka kwa moto mdogo wa buluu pembeni. Alichukua panga lililokuwa kiunoni mwa Nyundo mwenyewe, akalipasua lile buti kuanzia juu mpaka kisigino, akalivua. Si mpira peke yake uliotoka. Nyundo alimpiga ngumi usoni, mara mbili, hakujua anampiga nani. Mkunga alitema damu, akamkalia kifuani, akamfunika mguu kwa gauni lake.

Fundi alikuja na ndoo. Alipomaliza kumwaga maji mguuni, alimgeukia maksai aliyezama, ambaye alikuwa bado analia na kujichoma zaidi kila akijitikisa. Akakimbia karakana akarudi na nyundo kubwa ya kilo tano. Alipiga mara tatu. Ya kwanza haikufika vizuri. Baada ya ya tatu kukawa kimya, na harufu ya nyama ikapanda.

Fundi akapangusa uso, sikio lake bado limevimba tangu Jumatatu. "Asiyesikia la mkuu..." akaanza.

"Maliza hiyo methali," Mkunga alisema bila kugeuka, "nikutoe meno."

Hakuimaliza. Alileta mkokoteni.

Hospitali walimkata Nyundo vidole vitatu vya mguu siku ileile, na kuhusu kisigino wakasema tusubiri. Mkunga alirudishiwa bega lake mahali pake, akafungiwa mkono kifuani, akaambiwa apumzike wiki nne. Ijumaa asubuhi alikuwa shambani. Usiku watoto wa Nyundo walikuwa wamekuja kutazama shimo lililomeza ng'ombe. Aliona alama za nyayo zao ndogo kwenye majivu, hatua moja kutoka ukingoni. Alizitazama muda mrefu. Kisha akaenda kwa fundi kuazima jembe.

Alianza na mtaro wa juu. Kwa mkono mmoja, jembe limeshikwa karibu na chuma, alipiga, akafukua, akatoa gogo jekundu, akalimwagia maji, akapiga tena. Udongo wa kati, ule mzima wenye minyoo, ilibidi aubomoe kuupata moto uliokuwa unapenya kwenye mizizi. Alipiga kwa nguvu. Alipiga meno yameumana. Kila aliloliweka kwa miaka saba aliligeuza juani, na kunguru walikuja wakatembea nyuma yake, wakiokota.

Saa nne wifi yake alivuka mawe. Alikuja moja kwa moja, akamzaba kofi lililomzungusha.

"Ulijua kuna moto!"

"Nilijua."

"Ulijua, ukaweka vijiti! Vijiti! Ungefukua siku ileile! Ulikuwa unahurumia udongo!"

Mkunga alipangusa mdomo uliokuwa umepasuka upya. Angeweza kusema mengi: nani aliwasha, nani aling'oa. Alisema, "Ndiyo. Niliuhurumia udongo."

Wifi alisimama akihema, shavu lake mwenyewe bado lina alama ya Jumatano. Alitazama jembe, akautazama mkono uliofungwa, akatazama nyayo za wanawe kwenye majivu. "Lete hapa," akasema. "Unashika jembe kama mwiko."

Walifanya siku nne. Wifi alipiga, Mkunga alimwaga maji. Siku ya tatu wifi alitoka hospitali na salamu.

"Amesema shamba chukua. Nusu yako, na yake kama unaitaka. Hataki hata kuliona."

"Yake aibakishe, ana watoto. Yangu nimepokea."

"Umepokea nini, wifi? Tazama." Na kwa kweli hapakuwa na cha kutazama: mashimo, vibonge vilivyokauka rangi ya matofali, majivu yanayopeperuka. "Miaka saba mingine utaitoa wapi? Utakuwa na sitini na nane."

"Sitini na nane itakuja hata nikikaa kitandani."

Wifi alicheka kwa mara ya kwanza, akashika ubavu, akakaa juu ya gogo, akaruka akipiga kelele kwa sababu gogo lilikuwa bado la moto. Mkunga alimmwagia ndoo nzima kiunoni. Walitukanana, wakacheka, wakalia kidogo, kisha wifi akanyanyua jembe na kulishusha kwenye mtaro wa sita, na moshi ukatoka.